Habari inaegemea wapi? Mwongozo kamili wa msikilizaji wa Lubumbashi

Jioni ya mechi ya Mazembe na Lupopo, ingia kwenye baa yoyote ya komini za Kenya au Katuba hapa mjini uulize kama mtangazaji wa redio alitenda haki. Wenye jezi nyeusi na nyeupe watakuambia jamaa alikuwa Lupopo mtupu. Wenye njano na buluu wataapa kwamba chini ya shati alivaa jezi ya Mazembe. Mtangazaji ni yule yule mmoja, dakika ni zile zile tisini, na bia zimetoka kreti moja.

Naanzia kwenye mpira kwa sababu hapo hakuna mtu wa Lubumbashi anayehitaji darasa la upendeleo. Lakini tukihamia kwenye siasa, migodi au kesi ya kiwanja, kila mmoja wetu huamini kwamba sikio lake ni mizani ya sonara na redio ndiyo yenye kasoro. Kwa muda sasa mimi na majirani wachache tumekuwa tukisikiliza taarifa ya habari na daftari mkononi, na jambo moja limenikaa: uongo mtupu hewani ni mchache kuliko tunavyodhani. Habari hupinda mapema zaidi, pale mtu anapochagua nani apigiwe simu na nani asipigiwe. Na sisi tunaosikiliza tuna mkono katika uchaguzi huo, hata kama tunajifanya tumeketi tu.

Utahitaji daftari, kalamu, redio au simu yenye redio, siku saba, na ukimpata, mtu mmoja ambaye huwa mnabishana.

Hatua ya 1: Pima sikio lako kwanza

Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mpira wa kwao, ule wa kofia ngumu. Mechi ikawa ya fujo, mmoja akavunjika pua, mwingine mguu. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mechi, wakawaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliwaona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Utafiti huo ulichapishwa 1954. Mwaka 1985, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Stanford wakaja na jambo la ukoo huo huo, safari hii kwa taarifa za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya 1982. Waliounga mkono Israeli na waliounga mkono Waarabu walitazama picha zile zile, na kila upande ukatoka ukilalamika kwamba televisheni iliuonea.

Kwa hiyo kabla ya kuishtaki redio, chukua habari moja iliyokukera. Iandike kwa sentensi tatu kama ulivyoisikia. Kisha badilisha majina: palipotajwa mkubwa unayempenda, weka usiyempenda. Isome tena kwa sauti. Kama hasira imepoa, kasoro haikuwa ya mwandishi. Kama sentensi bado inanuka, endelea na hatua zinazofuata.

Shemeji yangu, Lupopo hadi kwenye uboho, alikubali kufanya zoezi hili lakini akagoma kuandika jina la Mazembe kwenye karatasi. Aliandika "wale". Zoezi lilifanya kazi hata hivyo.

Hatua ya 2: Fuata mfuko

Uliza maswali matatu kuhusu kila kituo unachokisikiliza: ni cha nani, matangazo yake yanatoka wapi, na mwandishi alifikaje mahali pa tukio.

La kwanza ni rahisi hapa kwetu. Watu wa mji wanajua kwamba Nyota TV ni ya Moïse Katumbi, ambaye ni rais wa TP Mazembe tangu 1997 na alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Alipokosana na serikali, kituo nacho kikanyamazishwa kwa miaka kadhaa. Mpira, siasa na televisheni vimekaa nyumba moja, na si yeye peke yake. Vituo vya kanisa vina askofu au mchungaji juu, RTNC, redio na televisheni ya taifa, ni ya serikali, Radio Okapi ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi, Fondation Hirondelle. Kila mmoja ana baba yake. Kujua baba wa kituo hakukuambii kwamba kinasema uongo. Kunakuambia ni swali gani hakitapenda kuliuliza.

La pili linasikika kwenye matangazo yenyewe. Kampuni inayonunua nafasi kila asubuhi haitaguswa kirahisi mchana. Jihadhari hasa na tangazo lililovaa shati la habari: sauti ya mwandishi, muziki wa taarifa, dakika nne za sifa za shule mpya aliyojenga fulani, na hakuna mzazi wala mwalimu anayeuliza lolote.

La tatu ndilo linalouma. Kongo nzima tunajua coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi na mtu aliyemwita kwenye mkutano wake. Wapo wanaoidharau na kuwaita waandishi wote wauza kalamu. Mimi siwezi, maana najua wapo wanaofanya kazi miezi bila mshahara, na bahasha ile ndiyo unga wa bukari, yaani ugali, nyumbani. Lakini matokeo yake yahesabu mwenyewe: mwenye uwezo wa kukodi ukumbi, kununua soda na kulipa teksi ya waandishi huwa habari. Mama wa sokoni ambaye bidhaa zake zimemwagwa hawezi kuitisha mkutano na waandishi. Kukosekana kwake hewani hakukuamriwa na mtu. Ni hesabu ya usafiri tu.

Hatua ya 3: Daftari la siku saba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ukiwa na haraka ruka hatua nyingine zote ufanye hii.

Chagua kituo kimoja na taarifa moja, ile ile kila siku. Chora ukurasa mistari upate safu tano. Ya kwanza, habari yenyewe kwa maneno machache. Ya pili, nani alisikika kwa sauti yake mwenyewe. Ya tatu, nani alisemewa na wengine. Ya nne, ilitokea wapi: komini gani, kartie (mtaa) gani. Ya tano iachie nafasi kubwa, kwa swali ambalo halikuulizwa.

Tuseme unasikia hivi: "Viongozi wa mji wameendesha zoezi la usafi kwenye barabara kuu. Vibanda visivyo halali vimeondolewa. Mkuu wa shughuli hiyo amewaomba wananchi kushirikiana ili Lubumbashi irudi kuwa mji safi." Habari fupi, sauti ya mkubwa mmoja, kwaheri.

Kwenye safu ya pili andika: mkuu wa shughuli. Kwenye ya tatu: wauzaji, ambao hata hawakuitwa wauzaji, waliitwa vibanda. Sasa sikiliza vitenzi. Wakubwa "wameendesha", jambo zuri. Vibanda "vimeondolewa", lakini na nani, kwa mikono au kwa mashine? Sarufi yetu ya Kiswahili ina huruma nyingi kwa mwenye nyundo, maana ukitia -w- kwenye kitenzi mtendaji anatoweka. "Zoezi" ni neno la askari na shule. "Usafi" hakuna mtu anayeupinga. "Visivyo halali" kwa sheria ipi, na yule mama ambaye asubuhi hiyo alilipa kodi ya soko na tikiti anayo mkobani? Safu ya tano imejaa: bidhaa zilipelekwa wapi, wauzaji walipewa taarifa siku ngapi kabla, wamehamishiwa wapi.

Hakuna hata neno moja la uongo katika habari ile. Ndiyo maana ukimpigia mwandishi simu kumwambia "unadanganya", atakukatia, na atakuwa na haki.

Baada ya siku saba, hesabu. Wanawake wangapi walisikika kwa sauti yao, wakiondolewa wake za wakubwa? Ni habari ngapi zilitoka Ruashi, Katuba au komini ya Annexe, na ngapi zilianzia kwenye ukumbi wa hoteli katikati ya mji? Ni ngapi zilianza na neno "amesema"? Usitangaze matokeo ya siku moja, siku moja inaweza kuwa ya bahati mbaya. Hata wiki moja ni fupi, lakini inatosha kukuonyesha mwelekeo wa mto.

Ukichoka kuhesabu, kumbuka kwamba kazi hii ina historia inayotuhusu. Mwaka 1965 Wanorwe wawili, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha utafiti wa jinsi magazeti manne ya kwao yalivyoripoti machafuko ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Kongo ile ni yetu, ya 1960, mwaka ambao Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai, mji huu ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Wakaorodhesha mambo kumi na mawili yanayosaidia tukio kuwa habari: liwe la ghafla, liwe baya, liwe na watu wakubwa au nchi kubwa ndani yake, lifanane na yale ambayo msomaji tayari anayatarajia. Orodha hiyo hufundishwa kwenye vyuo vya uandishi wa habari hadi leo. Nusu ya safu zangu zimetoka humo.

Jambo la mwisho nililolitaja hapo, lile la matarajio, utaliona kwenye simu yako. Vita vikipamba moto Kivu, ndugu walioko Ubelgiji hunipigia kuuliza kama tumelala salama. Goma ni zaidi ya kilomita 1000 kutoka hapa. Lakini wamezoea Kongo moja tu kwenye skrini, na redio za kule zinawapa Kongo hiyo hiyo wanayoitarajia.

Hatua ya 4: Shika majina

Tengeneza ukurasa mmoja wa majina tu. Anayechimba shaba kwa koleo ni "mchimbaji mdogo" kwenye kituo kimoja, "mvamizi wa mgodi" kwenye kingine. Maji yaliyobadilika rangi mtoni ni "uchafuzi" au ni "tukio la kiufundi". Vijana barabarani ni "waandamanaji" au ni "wahuni". Andika nani alisema lipi na siku gani.

Katika mji huu hilo si somo la lugha tu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa Katanga, familia nzima zikalala vituo vya treni zikingoja mabehewa. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wameshapewa jina: bilulu, wadudu. Wazee waliokuwepo wanakumbuka jinsi neno lile lilivyozoeleka midomoni hadi likaacha kushtua. Kwa hiyo ukisikia mgeni wa kipindi analiita kundi la watu kwa jina la mnyama, ugonjwa au takataka, na mtangazaji anacheka badala ya kumkatiza, hiyo usiiache kwa safu ya tano. Andika saa kamili, rekodi ukiweza, na nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Hatua ya 5: Linganisha, lakini usigawanye kwa mbili

Habari kubwa isikilize sehemu tatu: kituo cha hapa, kituo cha hapa kilicho cha mpinzani wake, na kimoja cha mbali kama Radio Okapi, RFI Kiswahili au BBC Swahili. Tazama mambo ambayo wote watatu wanakubaliana, hayo shika. Kisha tazama jambo ambalo mmoja analo na wawili hawana. Hapo kuna mawili: ama kalipata peke yake, ama kalitunga. Ngoja siku mbili.

Kosa la watu wengi wazuri ni kudhani ukweli hukaa katikati. Mmoja akisema daraja limebomoka na mwingine akisema halijabomoka, haina maana kwamba limebomoka nusu. Panda teksi-basi ukalitazame.

Hatua ya 6: Kidole chako ni chumba cha habari

Zamani tulikuwa na redio trotuari, yaani uvumi wa barabarani, na wabunge wa kusimama, wale wanaosoma vichwa vya magazeti bila kununua na kuvijadili hadi jua linazama. Leo bunge limehamia WhatsApp, na huko kila anayetuma ni mhariri.

Tazama mishale juu ya ujumbe. Mmoja unamaanisha umetumwa mbele. Miwili inamaanisha umepita mikono mingi, hatua tano au zaidi kutoka kwa wa kwanza, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuutuma kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati. Mishale miwili si alama ya ukweli. Aghalabu inakuambia kwamba umewapendeza wengi waliokuwa tayari kuuamini. Sauti ya "ndugu yangu anayefanya kazi ndani" isiyo na jina, tarehe wala mahali, iache ifie kwako. Picha ya maiti au moto, itafute kwa picha kwenye Google kama una mega za kutosha, mara nyingi utaikuta ilishatumika nchi nyingine miaka iliyopita. Congo Check nao huchunguza uvumi wa aina hiyo. Na ujue kwamba Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inaadhibu kueneza habari za uongo kwa njia ya mtandao. "Nilituma tu kama nilivyopokea" si utetezi wa kutegemea mbele ya hakimu.

Lakini la muhimu zaidi hapa si uvumi. Vituo vyetu vina kurasa za Facebook, na wenye vituo wanahesabu. Video ya mwizi akipigwa tunaisambaza kabla chai haijapoa. Ripoti ya nusu saa kuhusu bajeti ya komini tunaipita. Mwenzetu wa redio akiona hesabu hizo wiki baada ya wiki, unataka apeleke wapi pikipiki yake moja? Kwa hiyo mara moja kwa siku, kusudi kabisa, tuma kwa wengine kazi nzuri iliyochosha kidogo. Taja kituo na jina la mwandishi aliyelisema hewani.

Hatua ya 7: Sema nao

Anza na kituo chenyewe, kwa simu, ujumbe au kwa miguu. Usianze na matusi, wala usimpigie mwandishi usiku. Ujumbe unaosomwa ni mfupi na una mambo manne: saa, sentensi, kilichokosekana, na njia ya kukipata. Hivi:

"Habari za kazi, ndugu mhariri. Mimi ni msikilizaji wenu. Leo kwenye taarifa ya jioni mlisema vibanda visivyo halali vimeondolewa. Wauzaji hawakusikika. Kuna mama watatu wenye risiti za kodi ya soko ambao wamekubali kuongea, mmoja bila kutaja jina. Wako sokoni kila siku hadi saa tisa. Naweza kuwaelekeza. Asante kwa kazi."

Neno "wamekubali" ni zito. Usitoe namba ya mtu kabla ya kumuuliza, na kama anaweza kupata matatizo, mwambie hilo kabla hajasema ndiyo.

Ukipata nafasi kwenye kipindi cha simu, sema jina la kwanza, komini, jambo moja uliloliona kwa macho, swali moja. Salamu kwa mama, kaka na avenyu nzima zinakula sekunde ishirini na mtangazaji atakukata ukifika kwenye nyama.

Kama wewe mwenyewe umetajwa kwa ubaya, sheria ya vyombo vya habari ya 13 Machi 2023, namba 23/009, inakupa haki ya kujibu na haki ya kusahihishiwa. Dai kwa barua, tunza nakala yenye muhuri wa mapokezi. Kituo kikikataa, au kwa maneno ya chuki kama yale ya hatua ya 4, kuna CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari kwa sheria ya 10 Januari 2011. Linaweza kusimamisha kipindi au kituo. Kwa sababu hiyo hiyo silikimbilii: baraza lenye uwezo wa kuzima redio ni kisu, na kisu hakichagui mshikaji. Kwa habari iliyoegemea tu, barua kwa mhariri inatosha.

Mtu mmoja huchoka. Sisi ni saba, tunakutana Jumamosi kwa mama mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kila mtu na daftari lake, saa moja tu. Masharti ni mawili: lazima awepo angalau mmoja wa chama kingine na mmoja wa timu nyingine, na malalamiko hayatumwi mpaka wawili waliosikia wakubaliane juu ya maneno yaliyosemwa. Pia tunatuma shukrani. Mwandishi aliyepanda hadi mwisho wa mji kwa teksi yake mwenyewe kuwahoji wachimbaji anastahili ujumbe, na ninakuhakikishia hapokei nyingi. Hatumpi hela. Tukimpa tutakuwa bahasha nyingine.

Usitegemee matokeo ya haraka. Daraja dogo la avenyu yetu lilikatika wakati wa mvua, watoto wakawa wanavuka juu ya ubao kwenda shule. Redio moja ilisema komini "inashughulikia". Tukaandika ujumbe wa kwanza, wa pili, na wa tatu tukiwa na picha na majina ya wazazi wawili waliokubali kuongea. Siku ya tisa mwandishi akaja, kijana mpole, viatu vimejaa matope. Alikaa darajani karibu saa nzima, akawarekodi wazazi wote wawili na mtoto mmoja.

Jioni tulikusanyika kwenye redio ya mama wa munkoyo. Habari ilikuwa ya nne. Alisikika burgumestri, yaani mkuu wa komini, dakika mbili kamili, akiahidi. Kisha sekunde chache za mzazi mmoja, zile alizosema asante kwa kuja. Shemeji akanitazama. Nikafungua daftari, safu ya pili: burgumestri, mzazi mmoja. Safu ya tano nikaandika maneno aliyoyasema yule mama mwingine kuhusu ubao, kama nilivyoyasikia akimwambia mwandishi, na tukaanza kupanga ujumbe wa nne.